Mfano wa Mtepe: Chombo Kidogo kama Nakala ya Historia

Utangulizi

Msafiri aendaye Lamu hivi leo ataona majahazi, mashua, madau na mitumbwi, lakini mtepe hatauona. Chombo hicho, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba wala hazikupigiliwa kwa chuma, kilichukua shehena baina ya visiwa vya Lamu, Mombasa, Zanzibar na milango ya mto Rufiji, kisha kikatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Vilivyosalia vya kuueleza ni vitu vya namna tano: maandishi ya wageni, michoro iliyokwaruzwa kwenye kuta za majengo ya kale, picha chache za kamera, maneno ya mabaharia na mafundi, na mifano midogo iliyoundwa kwa miti.

Wanahistoria wamezoea kuyaamini maandishi kwanza, na kuiacha mifano iwe mapambo ya majumba ya makumbusho. Makala haya yanakusudia kuugeuza mpango huo kidogo. Hoja yake ni kwamba mfano wa chombo ni nakala, kama ilivyo nakala ya utenzi. Na mwenye kuusoma hana budi kuuliza maswali yale yale aulizayo mhakiki wa miswada: ni nani aliyenakili, alinakili kutoka wapi, na ni mahali gani ambapo mkono wake ulilazimika kuiacha asili. Aidha, itadaiwa hapa kwamba mfano usioandamana na maneno ya ufundi wake ni nusu ya nakala tu, na kwamba nusu ile nyingine ndiyo iliyo katika hatari kubwa zaidi ya kupotea.

Chombo chenyewe

Habari za vyombo vya kushonwa katika Bahari ya Hindi ni za kale sana. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kijulikanacho kwa jina la Periplus ya Bahari ya Eritrea chataja mashua za kushonwa katika pwani hii, na hata jina la mji wa Rhapta, ambao mahali pake pangali panabishaniwa na wataalamu, latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushona. Ibn Jubayr, aliyepita bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, alieleza vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi na kupakwa mafuta ya papa; na akasema kwamba mafuta hayo yalikusudiwa kuzilainisha mbao kwa sababu ya miamba mingi iliyomo katika bahari hiyo. Mwaka 1498 mwandishi wa safari ya Vasco da Gama alipofika Msumbiji aliona vyombo vikubwa visivyo na misumari, vilivyofungwa kwa kamba na kuvuka bahari kwa matanga ya mikeka.

Haifai kudai kwamba vyombo hivyo vyote vilikuwa mitepe. Ufundi wa kushona ulienea kutoka pwani ya Bara Hindi hadi Uajemi, Arabuni na Afrika ya Mashariki, na kila mahali ulikuwa na sura yake. Lakini mtepe wa visiwa vya Wabajuni ulikuwa tawi mojawapo la shina hilo, na ndio uliodumu kwa muda mrefu miongoni mwa vyombo vikubwa vya pwani hii.

Sura yake ilikuwa ya pekee. Omo yake ilirefuka na kuinuka kama shingo, nayo ncha yake iliundwa kama kichwa. Wenyeji walisimulia kwamba kichwa hicho kilifananishwa na cha ngamia wa Mtume Muhammad. Chombo kilichorwa macho, kikapambwa kwa bendera. Mlingoti ulikuwa mmoja uliosimama wima, na tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka uliosukwa kwa majani ya jamii ya mitende, tofauti kabisa na tanga la pembe tatu la jahazi. Ndugu yake, aitwaye dau la mtepe, alishonwa vivyo hivyo, lakini hakuwa na ile shingo iliyoinuka.

Kazi yake ilikuwa kuchukua shehena, na shehena yake mashuhuri ilikuwa boriti za mikoko. Boriti hizo zilikatwa katika mikono ya bahari ya visiwa vya Lamu na katika milango ya Rufiji, kwenye maji ya chumvi na ya mto yaliyochanganyika, ambako chombo huingia maji yajaapo na kukaa juu ya tope yanapokupwa. Chombo kiwezacho kujipinda kidogo na kuketi juu ya mchanga bila ya kuvunjika mbavu kilifaa sana kwa kazi hiyo. Erik Gilbert, katika makala yake ya mwaka 1998, aliueleza udumifu wa mtepe hadi nyakati za karibuni kwa kuutazama upande huo wa biashara ya pwani kwa pwani. Maelezo ya namna hiyo yana manufaa, kwa kuwa yanaondoa dhana kwamba mafundi wa visiwani walishona vyombo kwa kutojua msumari. Msumari waliujua, hata neno lenyewe limetoka katika Kiarabu na likazoeleka zamani. Walishona kwa kuwa kamba na mbao zilipatikana kwao, na kwa kuwa chombo kilichotokea kiliifaa kazi iliyokuwapo.

Mifano na wanakili wake

Mtepe ulipoanza kuwa adimu ndipo wataalamu walipoanza kuuandikia. C. J. W. Lydekker aliueleza mwaka 1919, James Hornell akafuata mwaka 1941, A. H. J. Prins akatoa kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965, akarudi tena kwenye mtepe mwaka 1982. Peter na Margaret Garlake walichapisha mwaka 1964 uchunguzi wao wa michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye lipu za majengo ya kale ya pwani. Neville Chittick aliandika mwaka 1980 juu ya vyombo vya kushonwa na mabaki yake katika Somalia. Mwaka 1985 Robert Adams alikamilisha tasnifu ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Texas A&M juu ya uundaji wa chombo cha kushonwa cha magharibi ya Bahari ya Hindi.

Waandishi waliokuja baada ya mtepe kutoweka hawakuwa na chombo kizima cha kukikagua. Ndiyo sababu mifano midogo, kama ile ya makumbusho ya Fort Jesus na ya Lamu, imekuwa na uzito usio wa kawaida. Katika historia ya majahazi, mfano ni nyongeza tu, kwa kuwa chombo chenyewe kipo na fundi wake yupo. Katika historia ya mtepe, mfano umeketi katika kiti cha shahidi.

Shahidi huyo yafaa ahojiwe. Waundaji wa mifano hawakuwa watu wa namna moja. Yuko fundi aliyeshona mitepe mizima katika ujana wake, kisha uzeeni akaunda mdogo kwa kumbukumbu ya mikono yake. Yuko fundi wa majahazi aliyeuona mtepe akiwa mtoto, akaukumbuka kwa macho tu. Yuko pia mchonga miti aliyeagizwa na mnunuzi, naye akaiga mfano mwingine uliokuwa mbele yake. Kazi zao tatu zaweza kukaa katika kabati moja, zikafanana kwa shingo, macho na tanga, hali thamani yao kwa mwanahistoria inatofautiana sana.

Jambo hili si geni kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Siyu, mji uliokuwa na waunda vyombo, ulisifika vilevile kwa wanakili wa misahafu. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, umetufikia katika nakala zisizolingana kila mahali. Hapana mhakiki ambaye angeichukua nakala moja akaitangaza kuwa ndiyo kauli ya mtunzi pasipo kuilinganisha na nyingine, wala pasipo kutafuta kama mnakili alisikia, aliona, au alijisahihishia. Lakini mhakiki huyo huyo akiingia katika jumba la makumbusho huutazama mfano wa mtepe na kusema: hivi ndivyo ulivyokuwa.

Kuunda mfano tangu mwanzo

Njia bora ya kujua mfano unasema nini ni kufuata kazi ya mtu auundaye tangu mwanzo, kwa gogo na kamba, bila ya vipande vilivyokatwa tayari. Kazi hiyo humlazimisha ajibu maswali ambayo mwandishi angeweza kuyapita kimya.

Swali la kwanza ni la kipimo. Tuseme mtepe wenye urefu wa mita 18 unaundwa kwa kipimo cha moja kwa ishirini. Mfano utakuwa na urefu wa sentimita 90, nao utaenea juu ya meza ya kawaida. Ubao uliokuwa na unene wa sentimita 4 utakuwa wa milimita 2. Mpaka hapo mambo ni mepesi, kwa kuwa mti laini waweza kupunguzwa kwa randa mpaka ukafikia wembamba huo.

Swali la pili ni la mpango wa kazi. Mkuku ukishalazwa, na miti ya omo na tezi ikishasimamishwa, fundi wa mtepe hakuanza na mataruma. Alianza na mbao. Ubao wa kwanza ulishikamanishwa na mkuku, wa pili ukashikamanishwa na wa kwanza, na hivyo chombo kikapanda kwa ngozi yake kabla ya kupata mbavu. Mbao ziliunganishwa ukingo kwa ukingo kwa vijiti vilivyopigwa mshazari, zikatobolewa kwa keekee, kisha zikashonwa. Mataruma yaliingia baadaye, nayo yalifungwa kwa kamba pia. Maana yake ni kwamba umbo la chombo lilikuwa katika jicho la fundi na katika mkato wa kila ubao. Mbao hazikulazwa juu ya mifupa iliyokwisha kutengenezwa.

Hapa ndipo muundaji wa mfano ajikutapo njia panda. Akiwa amefunzwa kazi kwa vyombo vya misumari, mkono wake utamwambia asimamishe mataruma kwanza, kwa kuwa ni rahisi zaidi kupata umbo lililolingana pande zote mbili. Akifanya hivyo atapata mtepe mzuri wa kutazama. Lakini atakuwa ameunda jahazi lenye sura ya mtepe. Na mtazamaji asimamaye mbele ya kabati hataweza kuitambua tofauti hiyo, kwa kuwa chombo kilichokwisha hakionyeshi kipi kilitangulia.

Swali la tatu ni la kamba. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga wenye maji ya pwani kwa muda wa miezi mpaka yalainike, kisha hufukuliwa, hupondwa, husafishwa yakatoka usumba, na usumba husokotwa ukawa kamba. Katika sehemu nyingi za pwani kazi hii imekuwa ya wanawake, na ndivyo ilivyo kazi ya kusuka mikeka. Kwa hiyo mtepe, ambao mara nyingi huandikwa kama kazi ya mafundi wanaume na wasifu wa manahodha, ulikuwa umeshikamanishwa, na kusukumwa na upepo, kwa vitu viwili ambavyo kwa kiasi kikubwa vilipitia mikononi mwa wanawake. Muundaji wa mfano anunuaye uzi dukani na kukata kipande cha mkeka uliokwisha kusukwa hukipita kisehemu hiki cha historia bila ya kukiona. Yule aketiye kusokota mwenyewe walau hujua ni siku ngapi za kazi zilizokaa katika kila safu ya mshono.

Pale kipimo kinapodanganya

Mnakili mwaminifu hukosea mahali ambapo chombo chake cha kuandikia hakimruhusu kufanya vinginevyo. Kwa muundaji wa mfano, mahali hapo ni pa mshono.

Tuchukue tena kipimo cha moja kwa ishirini. Kamba yenye unene wa milimita 6 yapasa kuwa na unene wa sehemu tatu za kumi za milimita. Usumba ni mgumu na una nywele. Hausokoteki ukawa mwembamba kiasi hicho. Tundu la sentimita moja lapasa kuwa nusu milimita, na keekee ya mkono haina ncha ya kutoboa tundu hilo katika ubao wa milimita 2 bila ya kuupasua. Ikiwa katika chombo kizima matundu yalikaa kila baada ya sentimita 10, katika mfano yatakaa kila baada ya milimita 5, na ukingo wa ubao mwembamba hauwezi kuyastahimili. Basi muundaji hutumia uzi ulio mnene kupita kipimo, hutoboa matundu makubwa kupita kipimo, na kwa sababu hiyo huyapunguza idadi. Matokeo ni kwamba mfano una mishono michache na minene kuliko asili yake.

Mtafiti akihesabu mishono ya mfano, akaizidisha, akatangaza hesabu ya mishono ya mtepe, atakuwa amepima uvumilivu wa mbao nyembamba. Hatakuwa amepima chombo cha baharini. Kosa hili lingefanana na la msomaji anayehesabu mizani ya utenzi kutoka nakala ambayo mnakili alifupisha maneno ili yaenee katika ukurasa.

Kuna jambo lingine kuhusu mshono. Imeelezwa kwamba matundu ya mtepe yalizibwa kwa vijiti baada ya kushonwa, na kwamba sehemu ya kamba iliyobaki nje ilikatwa, ili chombo kisivute maji na ili kamba zisilike kinapoburuzwa mchangani. Mshono wenyewe ukabaki kuonekana ndani. Muundaji ambaye anataka watazamaji waelewe kwamba chombo hiki kilishonwa hushawishika kuuonyesha mshono nje, mahali uonekanapo vizuri. Nia yake ni ya kufundisha, lakini amekwisha kukibadilisha chombo. Hali kadhalika, shingo ya omo na macho hukuzwa, kwa kuwa ndivyo mtu atazamavyo kwanza. Wanakili nao walipenda kuipamba herufi ya kwanza.

Udanganyifu mkubwa kupita wote hauonekani kwa jicho. Sifa ya mtepe ilikuwa kujipinda. Lakini urefu ukigawanywa kwa 20, eneo la tanga hugawanywa kwa 400, na uzito hugawanywa kwa 8,000. Chombo cha kuchukua tani 20 hupata mfano unaolingana na shehena ya kilo mbili na nusu. Katika vipimo hivyo mbao huwa ngumu mno zikilinganishwa na mzigo unaozilemea, nao mfano hautajipinda hata ukiwekwa juu ya jiwe. Hautavuja kama mtepe ulivyovuja, wala kamba zake hazitalegea kwa mawimbi ya kusi. Maana yake ni kwamba mfano hauwezi kutoa ushahidi juu ya jambo ambalo kwa ajili yake chombo kilishonwa.

Haya hayasemwi ili kuitupa mifano. Mhakiki akijua mahali mnakili akoseapo, huweza kuamini zaidi mahali pengine. Mfano waweza kuaminiwa kwa uwiano wa urefu na upana, kwa mahali pa mlingoti, kwa jinsi omo na tezi zilivyounganishwa na mkuku, na kwa namna tanga lilivyofungwa kwenye foromali. Mambo haya hayazuiwi na kipimo, na fundi mzee hakuwa na sababu ya kuyageuza.

Maneno na mpango wa kazi

Kama mfano hauwezi kuonyesha kipi kilitangulia, basi habari hiyo imehifadhiwa wapi? Jibu ni kwamba imehifadhiwa katika maneno. Fundi hufanya kazi kwa kutaja. Humwambia mwanafunzi wake ashike hiki, apige kile, asikaze mpaka kifike mahali fulani. Na kila hatua ina jina lake, la kitenzi na la kifaa. Majina hayo yakipangwa kama yalivyosemwa, hutoa mpango wa kazi.

Kiswahili kimeyahifadhi baadhi ya maneno hayo kwa njia za ajabu. Kitenzi kuunda ni cha kazi ya vyombo tangu zamani. Leo watu huunda kamati na serikali, na wengi hawafikiri juu ya tezo wala juu ya mbao. Usukani umehamia katika motokaa. Abiria wa gari la moshi ameitwa hivyo kwa kitenzi cha kusafiri kwa chombo. Kila mwanafunzi wa sekondari aweza kutaja methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwalimu akiuliza ngama ni nini, darasa hunyamaza. Ngama ni kule ndani kwa chini kabisa, ambako maji yaliyovuja hukusanyika na baharia huyafua. Katika chombo cha kushonwa, ambacho hakikosi kuvuja, hapakuwa na mahali palipojulikana zaidi na mabaharia. Aliyeshinda kutwa akifua maji hakuhitaji kufafanuliwa kwa nini marejeo ni huko. Methali imeendelea kuishi, lakini mahali palipoizaa pamezama.

Kamusi zimesaidia kwa kiasi fulani. Kamusi ya mwaka 1939 iliyohaririwa na Frederick Johnson inaueleza mtepe kuwa chombo cha tanga la mkeka kilichofungwa kwa vijiti na kamba. Mwaka 1970 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, Dar es Salaam, kilitoa kamusi ya Prins ya maneno ya baharini, kazi ambayo hapana mtafiti wa somo hili awezaye kuikwepa. Lakini kamusi huyapanga maneno kwa alfabeti. Taruma likawekwa karibu na tanga kwa sababu ya herufi, sio kwa sababu ya kazi. Mpango wa fundi hutawanywa, na mtu asiyeujua mpango huo hataweza kuukusanya tena kutoka katika kurasa.

Hapa ndipo mfano na msamiati vinapohitajiana. Mfano una umbo bila ya mpango. Kamusi ina majina bila ya umbo wala mpango. Fundi akiunda mfano huku akitaja kila hatua, na msikilizaji akaandika kwa taratibu ile ile, vitu vitatu hupatikana kwa pamoja. Tena hupatikana kwa lahaja ya mahali pake, iwe Kiamu, Kisiu au Kitikuu, pasipo kusanifishwa kabla ya wakati. Mfano uliokwisha na kutiwa vanishi hautoi faida hiyo. Faida imo katika siku za kuuunda.

Kutoka mfano hadi chombo kizima

Mwaka 2003 ulishonwa Zanzibar mtepe wa ukubwa kamili, ukapewa jina la Shungwaya, jina la nchi ya asili itajwayo katika masimulizi ya makabila kadhaa ya pwani. Uliwekwa ndani ya Beit-el-Ajaib, jumba lililokuwa makumbusho wakati huo. Wageni waliweza kukizunguka chombo chenye mbao zilizoshonwa na shingo iliyoinuka, wakapata fahamu ya ukubwa ambayo mfano wa mezani haiwezi kuitoa.

Kazi ile ilithibitisha kwa vitendo yale yaliyosemwa hapo juu. Katika chombo kizima hapana nafasi ya kukwepa: kamba yapasa kuwa kamba, na tundu yapasa kuwa tundu. Lakini chombo kizima nacho ni nakala, kwa kuwa walioshona Shungwaya hawakuwa na mtepe wa zamani wa kuutazama. Walijenga juu ya ushahidi ule ule wa mifano, picha na maandishi, wakajaza mapengo kwa ujuzi wa mafundi wa zama zao. Nakala kubwa haikuwa karibu zaidi na asili kwa sababu tu ya ukubwa wake.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib iliporomoka jumba likiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Msiba huo ulikumbusha pia kwamba kukihifadhi kitu mahali pamoja ni kukiweka katika hatari ya mahali hapo. Jengo lenye kuta nene laweza kuanguka. Wanakili wa Siyu walijua hivyo, na ndiyo maana walinakili mara nyingi.

Hitimisho

Imeonyeshwa katika makala haya kwamba mfano wa mtepe ni ushahidi wa thamani, mradi usomwe kama nakala. Huaminika kwa uwiano na maungio makubwa. Hauaminiki kwa hesabu ya mishono, kwa unene wa kamba, wala kwa tabia ya chombo baharini. Na hunyamaza kabisa juu ya mpango wa kazi na juu ya mikono iliyosokota usumba. Pengo hilo la mwisho hujazwa na maneno, nayo maneno hayangoji.

Yafuatayo basi yanapendekezwa. Kwanza, mifano yote ya mtepe iliyomo katika makumbusho ya Afrika ya Mashariki na ng'ambo ipimwe kwa utaratibu mmoja na kulinganishwa, kama miswada inavyolinganishwa, ili ijulikane ipi ni nakala ya chombo na ipi ni nakala ya nakala. Pili, idara za Kiswahili na makumbusho za pwani zishirikiane kuwaagiza mafundi waunde mifano mipya, mbao zikitangulia na mataruma yakifuata, huku kila neno likinaswa na kuandikwa kwa taratibu ya kazi. Tatu, maneno hayo yachapishwe kwa mpango huo wa kazi kabla ya kupangwa kwa alfabeti.

Fundi wa majahazi wa leo hashoni, lakini bado ataja mkuku, taruma, omo, tezi na ngama, na mengi ya maneno hayo aliyapokea kutoka kwa watu walioshona. Tangu Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti za mikoko nchi za nje mwaka 1982, na magari na mashua za injini zilipochukua shehena nyingine, kazi ya vyombo vya matanga imeendelea kupungua, na wanafunzi wa ufundi huo nao wamepungua. Fundi mzee akiulizwa leo ataweza kujibu maswali ambayo mwanawe hataweza. Mfano waweza kungoja katika kabati miaka mia. Aliyeuunda hawezi, na ni kwake mtafiti apaswapo kwenda kwanza.